Mashine ya Santuri ya Bi Mkanda

Siku daktari wa masikio alipomwekea mezani karatasi yenye mstari unaoteremka kama ngazi, Bi Mkanda hakulia wala hakushika tama. Aliuliza jambo moja tu.

"Na magitaa mazito nitaendelea kuyasikia?"

Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, akainamia karatasi tena. Kisha akainua uso ili mgonjwa aione midomo yake vizuri, akamweleza taratibu. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kwenda: ndege, kengele ya mlango, watoto wakiitana. Sauti nzito bado zipo. Zitakaa muda gani, hakuna ajuaye. Zilizokwenda hazirudi.

"Basi nina haraka," Bi Mkanda akasema, akainuka.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na tisa kati ya hiyo aliimaliza kando ya mashine ya kusaga nafaka, katika banda refu la mabati nyuma ya soko. Jina la Bi Mkanda alilipata mwaka wake wa pili kazini. Mkanda wa mota ulikatika asubuhi, foleni ya wateja imefika barabarani, fundi hapatikani, na mwenye kinu anazunguka uani ameshika kichwa. Yeye akakunja mikono ya gauni, akafungua kikinga cha mashine, akapima umbali kwa shubiri, akavalisha mkanda mpya kwenye puli mbili na kuukaza kwa spana ya kuazima. Mashine ikawaka. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu. Hata mama yake mzazi aliacha kulitumia.

Karibu na mashine ile watu hawazungumzi. Wanaonyeshana vidole: debe moja, madebe mawili, laini, chenga. Hakuna aliyepewa kitu cha kuzuia kelele. Wengine walijiziba kwa pamba, pamba ikajaa unga ikadondoka, wakaona heri waache. Kelele ikamla Bi Mkanda polepole, naye akadhani ni watu wanaosema chinichini siku hizi.

Baada ya kupimwa alipewa kifaa cha kuvaa sikio la kulia, na kilimsaidia sana. Aliweza tena kuongea na mtu mmoja chumbani bila kukisia. Kilichomchoma rohoni ni kitu kingine. Watu walianza kumzungumzia mbele yake. Dukani walimwuliza binti yake, "Mama anataka sukari?" Kwenye vikao vya familia walimalizana wao kwa wao, kisha mmoja akamgeukia na kumpungia mkono kama mtu anayeaga mtoto. Mwenye kinu naye akamwondoa kwenye mashine na kumweka kwenye mizani, bila kumwuliza.

Na kulikuwa na zile santuri. Alikuwa nazo tisa, na hakuwahi kuwa na mashine ya kuzipigia hata siku moja.

Ya kwanza aliinunua akiwa na miaka ishirini na mbili, anafagia ofisi za watu. Kulikuwa na duka la muziki lililoweka spika mlangoni, na asubuhi moja alisimama pale na ufagio mkononi mpaka wimbo ukaisha. Akaingia ndani akasema anautaka huo. Muuzaji akamwuliza ana mashine gani nyumbani.

"Itakuja," akajibu.

Muuzaji akacheka, lakini akamfundisha. Santuri husimamishwa wima, ukizilaza zinapinda. Ziwe mbali na jua. Na siku mashine ikija, aangalie sindano isiwe nzito, maana sindano nzito inalima santuri kama jembe.

Mwaka ule badala ya mashine ikaja mimba. Kisha ikaja nyumba ya kupanga, kisha ada za shule. Duka lile lilipofungwa na mali ikauzwa kwa bei ya kutupa, alichukua nyingine nane. Mumewe akatikisa kichwa. "Sahani hizi hata chakula hazipakuliwi," alisema. Miaka michache baadaye mume akafunga virago akaenda zake, na santuri zikabaki. Bi Mkanda alihama nyumba mara sita, na mara zote sita alizipakata mwenyewe.

Sasa alikata shauri. Alilitangaza Jumapili, mezani, baada ya chakula cha mchana. Walikuwepo binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na kaka yake mkubwa, karani mstaafu ambaye katika ukoo ule hakuna jambo linalopita bila muhuri wake.

"Jumamosi nakwenda kununua mashine ya santuri."

Kaka mtu akamgeukia binti. "Mama yako anasema nini?"

"Nimesema mimi, kaka. Niulize mimi."

Kaka akaweka kijiko chini. "Mashine ya santuri. Katika hali yako."

"Hali gani?"

Kaka aligusa sikio lake, kisha akafungua viganja. Baadaye akaongeza, akimtazama binti tena, "Ni sawa na mtu anayepoteza macho kwenda kununua picha za ukutani."

"Na wewe ungetaka azinunue lini?" Bi Mkanda akamwuliza. "Akishapofuka?"

Kaka mtu akakirudia kijiko chake. Binti ndiye aliyesema lile lililokuwa vinywani mwa wote. Alilisema kwa upole, na pengine ndiyo maana liliuma zaidi.

"Mama, tuseme ukweli. Utasikia nini?"

Bi Mkanda aliyaona maneno hayo midomoni kabla hayajamfikia sikioni. Akakusanya vyombo, akavipanga kimoja juu ya kingine bila haraka.

"Nitasikia kitakachobaki," akasema. "Na kitakachobaki ni changu. Sikipeleki kwenye kikao."

Jumamosi binti akamsindikiza. Alimwambia mama yake kwamba anakwenda kumsaidia kubeba. Kwa mjomba wake alisema anakwenda kuhakikisha mama haibiwi.

Duka lilikuwa kwenye barabara kuu, lenye vioo mbele na majokofu yamejipanga kama askari. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati wa shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Karibuni. Mama anatafuta nini?" alimwuliza binti.

Binti akafungua mdomo. Bi Mkanda akamwekea mkono begani.

"Mama anatafuta mashine ya santuri. Na mama ndiye atakayeizungumzia."

Muuzaji alipoona kifaa sikioni akapandisha sauti mpaka wateja wengine wakageuka. Akawaonyesha mashine nyekundu kama sanduku la safari, ina mpini na kufuli za dhahabu. Nyepesi, akasema, spika ziko humohumo ndani, haina mambo mengi, wazee wanaipenda.

"Usinipigie kelele, mwanangu. Sema polepole, nitazame, na usimeze maneno. Sasa iwashe, lakini usiweke kitu juu."

Kijana akaiwasha. Bi Mkanda akachuchumaa mbele ya meza mpaka macho yake yakawa sawa na ukingo wa ile sahani inayozunguka. Akautazama ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka.

"Inayumba."

"Kidogo tu, mama. Zote ndivyo zilivyo."

"Puli ikiyumba hivi, mkanda haumalizi wiki." Akainua ule mkono wa sindano kwa vidole viwili, akautazama mbele na nyuma. "Uzito wa sindano unapunguzwa wapi?"

"Hii haina haja ya hayo, mama. Imeshapangwa kiwandani."

"Kwa hiyo inakandamiza inavyotaka yenyewe."

Kijana akaona afadhali muziki umjibie. Akaweka santuri ya dukani na kufungulia sauti. Bi Mkanda akalaza kiganja juu ya sanduku, akafumba macho. Binti akaangalia pembeni. Wateja wawili walikuwa wameacha kuchagua pasi na sasa walikuwa wanamtazama mama yake.

"Spika inatikisa sanduku," Bi Mkanda akasema bila kufumbua macho, "sanduku linatikisa sindano. Hapa husikilizi wimbo. Hapa mashine inajisikiliza yenyewe." Akafumbua macho, akaonyesha nyingine nyeusi, bapa, iliyokuwa rafu ya juu. "Nishushie ile."

"Ile ni ya bei ya juu, mama. Haiguswi mpaka iwe imenunuliwa."

"Utaniuziaje mota kwa macho? Macho hayajui mota."

Tabasamu la kijana likaisha. Akamgeukia binti, akashusha sauti kabisa. "Dada, mpeleke mama akapumzike. Ninyi mkishaamua huko nyumbani, mtarudi."

Bi Mkanda hakulisikia neno hata moja, ila aliona uso wa kijana umegeukia wapi, na hilo lilimtosha. Alikuwa anatafuta jibu la kumpa pale binti yake alipomtangulia.

"Ameshaamua," mwalimu akasema, kwa sauti anayoitumia darasani mwenye watoto sitini. "Amekataa. Twende, mama."

Walipofika nje walitembea hadi kona. Kisha binti akasimama, akamgeukia mama yake, akamtazama usoni kama alivyofundishwa na daktari.

"Na mimi huwa nafanya vilevile, mama. Jumapili nilifanya."

"Ulifanya," Bi Mkanda akakubali. "Haya, tuna mashine ya kutafuta."

Wakaingia uchochoro wa nyuma ya maduka ya nguo, kwa fundi wa redio. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye hasira za karibu na sauti ya kutosha watu wawili. Bi Mkanda alimpenda papo hapo, kwa kuwa sauti ile nzito ilimfikia yote, bila kupungua.

Kibanda kilijaa matumbo ya redio. Fundi alikuwa na mashine moja ya kuuza, ya chuma, nzito, ya wapiga muziki wa kumbi. Akaisifu mno. Haina mkanda, akasema, mota inazungusha sahani moja kwa moja, hakuna cha kukatika. Bi Mkanda akalaza kiganja pembeni mwa mota. Akakaa hivyo, akahamisha kiganja, akarudi.

"Beringi imekwisha."

"Nani amesema?"

"Kiganja."

Fundi akaweka kiganja chake mahali palepale. Akasema yeye hasikii kitu. Akasema ana miaka kumi na nane katika kazi hii, na watu huja hapa wakiwa na redio zilizoanguka chooni, wakamfundisha umeme. Lakini mkono wake, kama wenye kujitegemea, ukaunganisha mashine na spika na kuteremsha sindano mahali pasipo na wimbo, pale mwanzo mtupu. Spika ikanguruma chinichini, kama lori lililosimama na injini inawaka.

Fundi akaizima. Akakuna shingo. "Nimekaa nayo miezi minne," akasema.

"Na ile?" Bi Mkanda alikuwa akitazama pembeni, ambako kopo la risasi ya kuchomelea, kikombe cha chai na koleo mbili vilikuwa vimewekwa juu ya kitu cha mbao.

"Hiyo meza."

"Meza yenye mkono wa sindano?"

"Imekufa, mama. Mwenyewe aliileta haizunguki, akaichoka akaiacha."

Bi Mkanda hakuomba ruhusa. Akaondoa kikombe, akaondoa kopo, akaondoa koleo, akafuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe. Kisha akaisukuma ile sahani kwa kidole kimoja, na kurudi nyuma. Sahani ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Binti akatafuta kigoda, akakipata chini ya rundo la nyaya, akakaa, nayo bado inazunguka, ukingo wake umenyooka kama uzi uliovutwa.

"Beringi nzima," Bi Mkanda akasema. "Iwashe."

Mota ikawaka, lakini sahani haikuitika. Wakainyanyua. Chini yake mkanda wa mpira ulikuwa umeyeyuka na kunata kama ubani uliotafunwa.

"Hii haijafa," akasema. "Imevaa mkanda mbovu."

Fundi akacheka kwanza kabla ya kuanza kupekua makopo. Mkanda wa kwanza ulilegea, ukachezacheza. Wa pili alipoutoa, Bi Mkanda alikuwa amekwisha nyoosha mkono. Akaufuta, akauzungusha kwenye sahani, akauvuta kwa kidole cha shahada mpaka kwenye puli ndogo ya mota, akauachia. Sahani ikaondoka taratibu, ikashika mwendo wake, ikatulia humo.

"Wewe umejifunza wapi?" fundi akauliza.

"Kwenye unga."

Mambo ya sindano, fundi ndiye aliyemfundisha, na safari hii alimfundisha kama mtu anayeongea na fundi mwenzake. Kwanza unasogeza uzani wa nyuma mpaka mkono uelee, usipande wala usishuke. Ukishaelea, unaongeza uzito kidogo, ule tu ambao sindano inauhitaji. Bi Mkanda alilipata mara ya kwanza. Mizani hakuhitaji kuelezwa.

Walibishana kuhusu spika. Binti alitaka mbili ndogo, nyeupe, zinazopendeza sebuleni. Bi Mkanda aliweka kiganja juu ya moja, akakiondoa. Akachagua mbili kubwa za mbao zilizomfika kiunoni, moja kitambaa chake kimechanika.

"Mama, sebule haitoshi."

"Itahama meza."

Siku hiyohiyo alasiri meza ya chakula ikahamia barazani, na mashine ikapata ukuta wake. Bi Mkanda akatoa santuri ya kwanza, ile ya miaka thelathini na mitano. Akavua kifaa cha sikioni, maana muziki ukipitia humo ulikuwa unamjia kama mtu anayekwangua sufuria. Akateremsha sindano, akalaza kiganja juu ya spika.

Gitaa zito likaingia, likitembea. Ngoma ikafuata. Alizisikia kwa sikio, akazipata tena kwenye kiganja, zikampanda mpaka kwenye kiwiko. Sauti ya mwimbaji ikaja nusu yake, ile nusu ya chini. Kisha wimbo ukafika mahali, na pale mahali pakawa na shimo. Gitaa na ngoma viliendelea kutembea pembezoni mwake, lakini katikati hapakuwa na mtu.

Alijua nani alitakiwa kuwepo. Alishasimama nao mlangoni pa duka la muziki, akiwa na ufagio.

"Hapa wanawake wanaitikia," akamwambia binti yake. Uso wake ulikuwa umekunjana. "Wanaitikia, au hawaitikii?"

"Wanaitikia, mama."

"Wako wangapi?"

Binti akasikiliza. "Watatu. Labda wanne."

"Wanasema nini?"

Binti akamwambia. Ilikuwa mstari mmoja tu, unarudiwarudiwa. Bi Mkanda akanyanyua sindano, akaurudisha wimbo mwanzo. Ulipofika kwenye lile shimo akaujaza mwenyewe, kwa sauti ya juu, iliyopotoka kiasi kwamba binti alilazimika kung'ata mdomo asicheke. Akauimba tena. Mara ya tatu binti hakucheka tena. Aliitikia pamoja naye.

Wakawa katika hali hiyo kaka mtu alipotokea mlangoni. Anaishi mtaa wa pili.

"Nimekusikia tangu kona," akasema.

"Vizuri. Basi wewe unasikia."

"Watu watasema, dada yangu."

"Watakaosema waje hapa mbele yangu, wanitazame usoni, waseme polepole. Nitawajibu mmoja mmoja."

"Punguza basi."

"Saa kumi na moja nazima, kwa sababu jirani ana mtoto mchanga na tumeshaelewana mimi na yeye. Wewe sikuzimii. Kiti hicho hapo, kaa usikilize. Hutaki, mlango ni huo huo ulioingilia."

Kaka hakukaa. Mpaka leo hajakaa. Akija, huja siku za kazi, mashine ikiwa imezimwa, na huongea akiwa amesimama, ingawa sasa anamtazama dada yake anapoongea, kwani asipotazamwa Bi Mkanda huendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna mtu chumbani.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kinuni na ile karatasi ya daktari. Akaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, kando ya mashine, mahali wateja wanaposubiri. Wanawake wawili na mwanamume mmoja waliokuwa zamu wakamwuliza kwa vidole, ni nini hiyo. Akawatoa nje ili wamwelewe.

"Huu mstari ni miaka ishirini na tisa," akawaambia. "Wenu umeshaanza kuchorwa."

Mwenye kinu akaja kuona. Akamwamuru aibandue, inatisha wateja.

"Nitaibandua siku vikinga masikio vitakapofika. Vya wote watatu."

"Na nikiibandua mimi?"

"Daktari ana mashine ya kuchapa. Nitaleta nyingine kila asubuhi."

Ikakaa pale wiki mbili na siku tatu. Wateja wakaisoma, wakauliza, wakaelezana, na wengine wakaanza kumwuliza mwenye kinu mwenyewe habari za masikio yake. Vikinga vikaja kwenye mfuko wa plastiki, vitatu, vya rangi ya machungwa. Bi Mkanda alivijaribu kimoja kimoja kabla ya kuwapa wenzake, akarudisha kimoja kilichokuwa na ufa, akasubiri mpaka kibadilishwe. Mwenye kinu alinuna mwezi mzima. Yeye akaendelea na mizani yake.

Sauti zinaendelea kumwondokea, hilo halikubadilika. Kipande cha juu cha gitaa la pili, alichokuwa anakisikia wakati mashine ingali ngeni, sasa hakisikii. Hajifichi na hajisikitikii, na anayemsikitikia humkatiza katikati ya sentensi. Jumamosi moja alirudi kwa yule fundi, aliyekuwa amepokea kreti la santuri kutoka hoteli moja iliyofunga ukumbi wake. Fundi alizipiga moja moja huku Bi Mkanda amelaza kiganja juu ya spika. Zile nne za mwanzo alizikataa: hii nyepesi, hii ina kelele tupu juu na chini hakuna kitu, hii imelimwa na sindano ya mtu, hii sitaki tu.

"Mama unachagua kama unaoa," fundi akamwambia.

"Nilishachaguliwa mara moja. Sasa nachagua mimi. Weka nyingine."